Mgongo wa Mama au Kigari? Tumchukue Vipi Mtoto Mchanga



Tumepokea barua kutoka kwa baba mmoja kijana wa hapa Sumbawanga mjini. Yeye ni mwashi, na mke wake anatazamia kujifungua mtoto wao wa kwanza mwezi wa Julai. Kaka yake aliyeko Dar es Salaam ameona kigari cha kumsukumia mtoto, cha mtumba lakini bado kizuri, na yuko tayari kukituma kwa basi iwapo fedha zitapatikana. Bei yake pamoja na gharama ya mzigo inakaribia thamani ya magunia matatu ya mahindi. Mke anakitaka. Mama mzazi wa baba huyo amesema waziwazi kwamba mjukuu wake hatasukumwa kwenye toroli kama matofali. Msomaji wetu anatuomba tumwambie nani ana haki kati ya hao wawili.

Tulicheka kidogo tulipofika kwenye matofali. Kisha tukaona kwamba swali lenyewe si la kucheka. Jinsi mtoto mchanga anavyochukuliwa katika miezi yake ya kwanza inahusu joto lake, pumzi yake, shingo yake na nyonga zake. Na magunia matatu si kitu kidogo katika nyumba inayosubiri uzazi wa kwanza.

Tuanze na mwezi aliotaja. Anayeijua Ufipa anajua Julai ilivyo. Mji wetu uko juu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na upepo unaoshuka kutoka milima ya Mbizi alfajiri huwafanya hata watu wazima waende Misa ya kwanza wamejifunika blanketi. Mtoto mchanga hupoteza joto upesi kuliko sisi. Ngozi yake ni nyembamba, mafuta chini ya ngozi ni machache, na kichwa chake ni kikubwa ukilinganisha na mwili. Joto la mwili wake linapaswa kuwa kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Likishuka chini ya hapo hunyonya kwa ulegevu, hulala kupita kiasi, na akikaa hivyo kwa muda mrefu huweza kufa bila kulia. Mama asiye na kipimajoto aguse tumbo na nyayo za mtoto. Nyayo zikiwa baridi na tumbo likiwa na joto, mtoto ameanza kupoa. Tumbo nalo likiwa baridi, ni hatari, apelekwe kituo cha afya akiwa amewekwa kifuani pa mama.

Hapa ndipo tofauti ya kwanza kati ya mwili wa mama na kigari inapoonekana. Blanketi halitoi joto, linatunza tu lile lililopo. Ukimlaza kwenye kigari mtoto ambaye tayari amepoa na kumfunika blanketi tatu, utakuwa umeifunga baridi ndani. Mwili wa mama hutoa joto lake mwenyewe usiku na mchana, wala hauhitaji mkaa. (Tukitaja mkaa: tafadhali, jiko la mkaa lisilazwe ndani ya chumba kilichofungwa alichomo mzazi na mtoto. Hewa yake yenye sumu haina harufu, na haitoi onyo.)

Waganga walichelewa kulitambua jambo hili. Mwishoni mwa miaka ya 1970, huko Bogotá nchini Kolombia, madaktari Edgar Rey na Héctor Martínez walikuwa na watoto njiti wengi na mashine chache za kuwatunzia joto. Wakaanza kuwaweka watoto hao vifuani pa mama zao, ngozi kwa ngozi, kama kangaruu anavyombeba mtoto wake mfukoni. Mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika nchi tano, yaani Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania yetu. Watoto zaidi ya 3,000 waliozaliwa na uzito chini ya kilo 1.8 walifuatiliwa. Wale waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walikufa pungufu kwa robo kuliko wale waliosubiri kwanza kuimarika katika mashine. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likashauri kwamba mtoto njiti au mwenye uzito mdogo akae kifuani kati ya saa 8 na saa 24 kila siku.

Namna yake ni hii. Mtoto avuliwe nguo abaki na nepi, kofia na soksi. Alazwe wima kati ya matiti ya mama, kichwa kimegeuzwa upande mmoja, miguu imekunjwa kama ya chura. Kisha afungwe kwa khanga iliyokaza kiasi, ukingo wake wa juu ukifika chini ya sikio, na mama avae sweta au ajifunike shuka juu yake. Mama akichoka, baba apokee. Kifua cha baba kina joto lile lile, na wanaume wa Ufipa wanaolima matuta ya ntumba jua linapowaka hawatashindwa kukaa saa mbili na mtoto wa kilo mbili.

KIGARI KILITOKA WAPI

Kigari si kitu kibaya, bali kilitengenezwa kwa ajili ya mahali pengine. Inasimuliwa kwamba mwaka 1733 huko Uingereza mchoraji wa bustani na majumba, William Kent, alimtengenezea Mtawala wa Devonshire kigari cha watoto kilichokokotwa na mnyama mdogo. Kilikuwa kitu cha kuchezea cha watu wenye bustani kubwa. Baadaye vikaja vya kusukuma kwa mkono, vizito, vyenye magurudumu makubwa, vilivyohitaji barabara ya mawe iliyonyooka na yaya wa kukisukuma. Kile chepesi kinachokunjwa kama mwavuli, ambacho wasafiri wa Dar es Salaam wamekiona uwanja wa ndege, kilibuniwa na Owen Maclaren mwaka 1965. Mzee huyo alikuwa mhandisi aliyewahi kubuni magurudumu ya ndege ya vita iitwayo Spitfire, akatumia bomba za alumini kwa ajili ya mjukuu wake.

Miaka hiyo hiyo ya 1960, nesi mmoja Mmarekani, Ann Moore, alikuwa Togo akijitolea. Aliwaona akina mama wa huko wakibeba watoto mgongoni kwa kitambaa, na akaona jinsi watoto hao walivyotulia. Aliporudi kwao na kujifungua akajaribu kumbeba mwanawe vilevile, kitambaa kikateleza. Kwa msaada wa mama yake akashona mfuko wenye mikanda, akauandikisha mwaka 1969, nao ukauzwa kwa jina la Snugli. Hivyo mifuko ya kubebea watoto inayouzwa leo madukani kwa bei kubwa ni ndugu wa mbeleko iliyotundikwa ukutani nyumbani kwako. Bibi aliyetajwa kwenye barua atafurahi kusikia hilo.

MIGUU YA CHURA

Kuna faida nyingine ya mbeleko ambayo wengi wetu hatuijui, nayo inahusu nyonga. Kichwa cha mfupa wa paja hukaa ndani ya kikombe cha nyonga kama mchi ndani ya kinu. Kwa mtoto mchanga kikombe hicho bado ni laini na kifupi. Miguu ikinyooshwa na kubanwa pamoja kwa muda mrefu, mfupa huweza kutoka mahali pake, na mtoto akianza kutembea huchechemea. Miguu ikitanuliwa na kukunjwa, mfupa huingia ndani zaidi na kikombe hukua vizuri. Mtoto anayebebwa mgongoni hukaa hivyo saa nyingi kila siku.

Mwaka 2015 madaktari waliofanya kazi Blantyre, kwa jirani zetu wa Malawi, waliandika kwamba katika miaka 10, kuanzia 2002 hadi 2012, walihudumia watoto zaidi ya 40,000 na hawakumfanyia upasuaji hata mmoja kwa sababu ya tatizo hilo la nyonga. Kinyume chake, baadhi ya wenyeji wa Amerika ya Kaskazini kama Wanavajo, ambao zamani walifunga watoto kwenye ubao miguu ikiwa imenyooka, walikuwa na watoto wengi wenye nyonga zilizotoka. Hatusemi mbeleko ndiyo sababu pekee, kwa kuwa kuna na urithi wa ukoo. Lakini ni sababu ya kutosha ya kutoidharau.

Mbeleko nayo ina makosa yake, na tuyaseme bila kuoneana haya. Kosa la kwanza ni kumweka mgongoni mapema mno. Shingo ya mtoto hukaza anapofikisha miezi mitatu au minne. Kabla ya hapo abebwe mbele, mama aone uso wake. Kidevu kisilale kifuani, maana bomba la pumzi la mtoto ni laini nalo hukunjwa likaziba. Pua na mdomo visifunikwe. Tunawajua akina mama wengi waliowafunga watoto wa mwezi mmoja mgongoni na wakakua salama, na tunajua pia wale ambao hawakuwa na bahati hiyo. Kosa la pili ni kuifunga miguu ndani ya kitenge ikiwa imenyooka pamoja ili mtoto asipate baridi. Vaa soksi, acha magoti yatanuke.

Kosa la tatu ndilo linalotuumiza zaidi, nalo ni moshi. Mama anainama kwenye mafiga matatu kusonga ugali, mtoto yuko mgongoni, na mlango umefungwa kwa sababu ya baridi. Kila anachovuta mama, mtoto anakivuta kwa mapafu madogo kuliko ngumi. Homa ya mapafu ya watoto wetu haitokani na baridi peke yake kama tunavyopenda kusema. Wakati wa kupika mtoto ashikwe na mtu mwingine nje ya moshi, dada, shangazi au baba. Na asibebwe mgongoni na mama aliyejitwisha ndoo ya maji kichwani kwenye njia ya utelezi. Wakianguka, wanaanguka wawili.

KIGARI KINAPOFAA

Kuna nyumba ambazo kigari si anasa. Mama aliyejifungua kwa upasuaji hapaswi kukaza kitenge tumboni wiki za mwanzo. Mwenye mapacha hana migongo miwili. Bibi anayelea wajukuu yatima huenda mgongo wake umekwisha. Katika hali hizo, ukipata kigari, kichunguze hivi kabla hujalipa.

Kwanza kilaze. Mtoto wa chini ya miezi sita hapaswi kusukumwa akiwa ameketi au ameinama, ni lazima kiti kilale kabisa, mtoto awe chali. Vingi vya vile vyepesi vya mwavuli havilali, basi si vya mchanga hata kidogo. Pili kifunge na kukifungua mara tano, usikie kikinata. Kikijikunja chenyewe mtoto akiwa ndani, kitamvunja. Angalia pia bawaba za pembeni. Mwaka 2009 kampuni ya Maclaren ilitangaza kuvishughulikia vigari karibu milioni moja huko Marekani baada ya watoto 12 kukatwa ncha za vidole na bawaba hizo. Vya mtumba vinavyofika kwetu huenda vimetoka miaka ile, kwa hiyo ukikunja au kukunjua hakikisha mtoto yuko mbali. Tatu ni mkanda, wenye sehemu ya mabega, kiuno na kati ya miguu. Mkanda uliokatika usifungwe kwa kamba. Nne, kiweke kwenye mteremko, tia breki, kisukume. Mji wetu una miteremko ya kutosha kufanyia jaribio hilo. Mwisho tazama magurudumu. Yale madogo ya plastiki yametengenezwa kwa sakafu ya duka kubwa. Kwenye changarawe yanatetemesha kichwa cha mtoto, na mvua zikianza mwezi wa Novemba yanazama.

Usitundike kikapu cha sokoni kwenye mpini, kitapinduka. Usifunike kigari chote kwa shuka, hata kwa kuogopa jicho la mtu. Hewa ndani hupata joto haraka, hasa kwa wenzetu wa bondeni, Muze na Mtowisa, ambako jua si la Ufipa. Wala mtoto asilale na kitu shingoni, iwe uzi wa kinga aliofungwa na mtu, au hata rozari. Rozari itundikwe ukutani ambako mama ataiona.

Tusichanganye kigari hicho na kile kingine cha duara, ambacho mtoto huwekwa katikati akikanyaga chini ili eti ajifunze kutembea. Hicho hatukishauri kabisa. Hakiharakishi kutembea, na kinampa mtoto wa miezi minane mwendo asiouweza kuuzuia, katika nyumba ambazo moto na chungu cha maharage viko chini sakafuni. Nchi ya Kanada ilipiga marufuku kuuzwa kwake mwaka 2004. Jamvi na uangalizi vinatosha.

Safarini pia tunasahau mengi. Kwenye basi la Mbeya mama asikae na mtoto mgongoni, maana breki zikishikwa uzito wote wa mama utamkandamiza kwenye kiti. Amfungue, ampakate mbele. Kwenye baiskeli na bodaboda ncha za kitenge zichomekwe zisifike kwenye minyororo na spoku, na miguu ya mtoto isining'inie. Ikiwezekana, mwenye mtoto mchanga asipande pikipiki isipokuwa ni safari ya hospitali. Tunajua mara nyingi haiwezekani. Basi apande peke yake, si mishikaki, na dereva aambiwe aende polepole hata kama atanuna.

MTOTO ASIYEWEZA TENA KUBEBWA

Tungeweza kumalizia hapa, lakini barua ile imetukumbusha nyumba moja katika mojawapo ya parokia zetu. Kuna binti wa miaka saba mwenye mtindio wa ubongo. Hakai mwenyewe wala hatembei, ila anacheka vizuri na anazijua sauti za watu wote wa Jumuiya yao. Mama yake alimbeba mgongoni kwenda shambani, kliniki na kanisani mpaka binti alipofika kilo 16 na mgongo wa mama ukakataa. Tangu hapo binti akawa mtoto wa ndani. Watu hawakuwa wakimficha kwa aibu, kama tulivyodhani sisi wengine na kunong'ona. Hakukuwa na namna ya kumtoa.

Akina mama wa WAWATA ndio waliouliza swali ambalo hatukuuliza. Walipata kigari kikubwa cha mtumba. Fundi baiskeli akakiondoa magurudumu ya mbele na kuweka ya baiskeli ya mtoto, seremala akaongeza ubao wa kushikilia kiuno na mto wa godoro pande mbili za kichwa. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini alikitazama na kuagiza ubao uinuliwe kidogo, miguu isining'inie. Sasa binti huyo huketi karibu na kwaya, na hupiga kelele za furaha wakati usiotakiwa. Hakuna aliyelalamika.

Kama unaye mtoto wa namna hiyo nyumbani au jirani, usianze kwa kununua. Anza kwa kumpeleka kwa mtaalamu wa mazoezi, akupe vipimo vya kiti chake. Kiti kisichomfaa hupinda uti wa mgongo zaidi. Kisha sema kwenye Jumuiya. Katika parokia nyingi kuna kigari kilichokunjwa juu ya dari, ambacho mwenyewe alishakua na kuoa.

Sasa tumjibu mwashi wetu. Ndugu, hesabu nasi. Mtoto atazaliwa Julai wakati wa baridi, mahali pake ni kifuani. Atafikisha miezi sita Januari, na Januari unayajua matope ya mtaani kwako. Njia zitakauka Mei, naye atakuwa na miezi kumi, anatambaa na kushika kila kitu, na huenda hatakubali kufungwa mkanda. Kwa hiyo mwambie kaka yako asante, asubiri. Uza gunia moja tu, ununue kofia mbili za sufu, soksi, blanketi jepesi na khanga mbili imara, na fedha itakayobaki iwe ya gari la usiku siku uchungu utakapoanza. Magunia mawili yabaki ndani, mama anyonyeshaye anakula sana.

Mke wako akizaa mapacha, au kwa upasuaji, tuandikie tena nasi tutabadili jibu. Na mama yako mwambie kwamba ana haki kuhusu mbeleko, ila amsubirie mjukuu akaze shingo kabla ya kumpandisha mgongoni. Siku ya kliniki ya kwanza mkwe wake aende na khanga yake, amwombe nesi amwangalie anavyofunga.